Mapishi ya Kunenepesha Damu ya Panya

Mpishi hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na nywele, isipokuwa zile chache zilizogoma kuhama nyuma ya masikio. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto aliyeirithi kazi yake, hakuwa na sauti ya kuimba wala miguu ya kucheza. Hakuwa na cheti cha upishi, maana kazi aliijua kwa kuchungulia na kuungua. Hakuwa na ruhusa ya kugusa sufuria nyumbani kwake mwenyewe. Yote hayo aliyachukulia kama mtu anavyoichukulia mvua: ikinyesha unalowa, ikikatika unakauka. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja tu. Tangu aanze kupika, hakuwahi kuona sahani yake ikirudi jikoni tupu.

Alipika miaka mingi katika shule ya bweni. Wanafunzi wale walikuwa na njaa ya kula kamba za viatu, lakini maharage yake waliyabakiza. Waliyabatiza jina, kokoto. Wali wake wakauita sementi. Siku moja mkuu wa shule aliuonja mchuzi wake mbele ya wageni, akameza kwa taabu, kisha akasema, "Una chumvi," kwa sauti ya mtu anayetafuta jambo jema la kusema juu ya marehemu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe alikuwa fundi. Mwanamke yule angeweza kuchemsha jiwe, na majirani wakaja kuomba mchuzi. Siku Mpishi aliposogelea jiko ili kusaidia tu kukoroga, mkewe alimpokonya mwiko taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu, akamwambia, "Baba, wewe kaa. Mungu humpa kila mtu chake."

Kwa hiyo shule ilipoamua kununua chakula kilichopikwa nje, na Mpishi akapata kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa upande wa pili wa mji, alirudi nyumbani kifua mbele.

"Nimepata kazi ya upishi," alisema, akivua viatu mlangoni.

"Hongera, mume wangu. Unawapikia nani?"

"Panya."

Mkewe aliacha kupepeta mchele. "Maskini," alisema. "Wamekosa nini?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya taasisi kulikuwa na jengo refu la wanyama, na katika chumba chake cha mwisho waliishi panya weupe wenye macho mekundu, kila wawili katika tangi lao la plastiki lenye kifuniko cha waya. Mkuu wa chumba alikuwa Daktari, binti mdogo wa umbo aliyetembea kama mtu anayekimbia mvua, kalamu imechomekwa kwenye nywele na hajui ilipo. Yeye alikuwa akichunguza majani fulani ambayo, yakichemshwa, huenda yakapunguza mafuta katika damu ya binadamu.

"Watu wanakufa, Mzee," alimweleza Mpishi siku ya kwanza. "Mafuta yanajaa kwenye damu, mishipa inaziba. Unaona bomba la sinki la jikoni linavyoziba?"

"Naliona," alisema Mpishi, ambaye mabomba ya shule aliyaziba mwenyewe.

"Basi ni hivyo hivyo. Mimi nataka kujua kama dawa yangu inazibua. Lakini huwezi kujaribu ufagio kwenye sakafu safi. Kwanza lazima niwe na panya wenye damu iliyojaa mafuta. Na damu haijai mafuta kwa kuombewa. Inajaa kwa chakula. Hapo ndipo unapoingia wewe."

Mpishi alinyoosha mgongo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chakula chake kinahitajika.

Daktari alimwonyesha jiko: meza ya bati, mizani, mashine ya kusagia, tanuri dogo, trei za kukaushia. Ukutani alibandika karatasi ya mchanganyiko. Chakula cha kawaida cha panya kisagwe. Kiongezwe mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa, viini vya mayai, sukari, na unga mweupe wa kolesteroli. Mwisho kiongezwe kijiko cha unga wa manjano kutoka kwenye chupa nyeusi. Yote yakandwe, yakatwe vipande kama kidole gumba, yakaushwe. Panya wa lebo nyekundu wale hicho. Panya wa lebo ya kijani wale chakula chao cha siku zote, ili wawe wa kulinganishia.

"Na huu wa manjano ni nini, Daktari?"

"Chumvi ya nyongo. Usiusahau huo."

Kisha kalamu ikamdondoka kichwani, akashangaa kuiona, akaondoka mbio.

Mpishi alichanganya kama alivyoagizwa, akakanda, akakata, akakausha, akapeleka trei yake chumbani kama mhudumu wa harusi. Aliweka kipande kwenye kila kifuniko chenye lebo nyekundu, akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono mgongoni.

Panya walikuja. Walinusa. Wakarudi pembeni.

Katika tangi la karibu na dirisha alikuwako dume kubwa lenye sikio moja lililokunjika, ambalo Mpishi alilipa jina la Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kilichoingia humo bila kukaguliwa. Mkaguzi alikivuta kipande kupitia waya. Alikigeuza. Alikigusa kwa ulimi, akautoa ulimi nje na kuusugua kwa mikono yote miwili. Kisha akakiangusha chini, akakifukia kwa miguu ya nyuma kwenye maranda ya mbao yaliyotandikwa tangini, na akakaa juu yake, mgongo kwa Mpishi.

"Kokoto," alinong'ona Mpishi. Ilikuwa kama kurudi shuleni.

Alirudi jikoni, akavunja kipande, akakitia mdomoni. Watu husema kitu ni kichungu kama nyongo, na wanasema hivyo kwa sababu hawajapata kulamba nyongo yenyewe. Mpishi alitema. Akasukutua. Akatema tena. Uchungu ukamkaa nyuma ya koo kama mgeni asiyeaga, ukamfuata mpaka nyumbani, ukamharibia mboga za mkewe.

Sasa, mtu mwingine angesema: mimi nimeajiriwa kuchanganya, nimechanganya, wale wasile shauri yao. Lakini Mpishi alikuwa mpishi. Mpishi akiona mlaji amesusa, anauliza chakula kina nini. Naye alijua kina nini. Kesho yake alitia nusu kijiko cha unga wa manjano. Panya walimega kidogo. Siku iliyofuata alitia robo. Wakala zaidi. Wiki haijaisha, chupa nyeusi ilikuwa imekaa juu ya rafu bila kufunguliwa, na Mpishi alikuwa anaongeza sukari kwa mkono na kuacha vipande ndani ya tanuri mpaka vigeuke rangi ya dhahabu.

Harufu ilitoka ikafuata ukumbi. Watu wa mbu, watafiti wa chumba cha jirani waliofuga mbu kwa maelfu, wakatoa vichwa mlangoni.

"Kuna sherehe huku, Mzee?"

"Hakuna. Ni chakula cha panya."

"Basi heri yao," walisema, wakameza mate.

Alipoingia na trei, panya walimsikia kabla hawajamwona. Walisimama wima, mikono imeshika waya, pua zikicheza. Mkaguzi hakukagua. Alikula. Alikula kwa mikono miwili, akila na kulia kwa sauti nyembamba, akamaliza, akalamba waya, akamtazama Mpishi kama anayeuliza kama kimebaki kingine. Vifuniko vyote vya lebo nyekundu vilikuwa vitupu. Hapakuwa na chembe.

Mpishi alisimama katikati ya chumba akiwa ameshika trei tupu. Aliigeuza juu chini kuhakikisha. Ilibidi ajifute macho kwa kona ya aproni, na bahati nzuri hapakuwa na mtu.

"Leo wamemaliza," alimwambia mkewe jioni.

"Nani?"

"Wateja."

Mkewe alimtazama sana, akaona mumewe hatanii, akamwongezea kipande cha nyama.

Zilipita wiki za furaha. Panya wa lebo nyekundu walinawiri, wakawa na shingo za matajiri. Daktari alipowapima uzito alipiga makofi. "Wanakula kweli! Vitabu vinasema chakula hiki huwa wanakisusa. Mzee, una mkono!" Mpishi alitazama sakafu kwa unyenyekevu, akitamani mkuu wa shule angekuwapo nyuma ya mlango.

Kisha ikaja siku ya damu.

Daktari alitoa matone kutoka mkiani mwa kila panya, akayatia kwenye vichupa vyembamba, akaviweka kwenye mashine inayozungusha mpaka damu nzito ikae chini na maji yake yaelee juu. Alimwita Mpishi aje kuona kazi ya mikono yake.

"Damu yenye mafuta," alisema, akisubiri mashine isimame, "maji yake huwa meupe kama maziwa. Utaona."

Mashine ilisimama. Daktari alikiinua kichupa cha lebo ya kijani kwenye mwanga: maji safi, manjano kidogo. "Huyu ni wa kawaida." Akainua kichupa cha lebo nyekundu. Maji safi, manjano kidogo. Akainua cha Mkaguzi, aliyekuwa mnene kuliko wote. Kingetumika kusomea gazeti.

Alivipanga vyote mezani. Havikuwa na tofauti.

"Haiwezekani," alisema polepole. "Mafuta, mayai, kolesteroli... Panya ni mnyama mkaidi, najua. Mwili wake unayaondoa mafuta haraka kuliko anavyoyala. Ndiyo maana tunaweka chumvi ya nyongo, ili kolesteroli ipenye tumboni na isitoke. Bila nyongo unapata panya mnene mwenye damu ya malaika. Lakini nyongo tumeweka!"

Mpishi alihisi uchungu ule wa siku ile ukimrudia nyuma ya koo, ingawa hakuwa amelamba kitu.

Angesema pale pale. Mdomo ulikwisha kufunguka. Lakini mlango ukafunguka kabla, akaingia mkurugenzi wa taasisi, mtu mrefu mwenye haraka ya wakubwa, akatazama vichupa bila kuvielewa, akasema kwamba kamati inayosimamia utafiti inakaa mwisho wa msimu, na kama hapatakuwa na panya wenye mafuta ya kuonyesha, chumba hiki wanapewa watu wa mbu. Wamekuwa wakikiomba tangu zamani. Kisha akatoka.

"Mbu," alisema Mpishi. "Mbu wanakula nini, Daktari?"

"Damu. Na maji ya sukari."

"Kwa hiyo hawahitaji mpishi."

"Hapana, Mzee. Mbu hawahitaji mpishi."

Mpishi alitoka nje akiwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Kwenye kivuli cha stoo alimkuta mtunza stoo, aliyeitwa Bwana Hakuna, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kabla hujamaliza kutaja ulichofuata. Bwana Hakuna alikuwa mtu wa kusikiliza matatizo ya wenzake, maana yalimpa nafasi ya kukaa. Mpishi akamwaga yote.

Bwana Hakuna hakushtuka. "Hakuna tabu," alisema. "Sema unga wa manjano ni mbovu. Umekaa sana njiani, umepoteza nguvu. Mimi nitasema hivyo hivyo. Nani atabisha? Unga hauna mdomo."

"Daktari atawaandikia waliouuza."

"Aandike! Wako mbali. Barua ifike, wajibu, wakane, tuwajibu... Mzee mwenzangu, mimi na wewe tutakuwa tumeshastaafu."

Shauri hilo lilikuwa tamu. Mpishi alilala nalo, akaamka nalo, akaja nalo kazini likiwa limeiva. Akamkuta Daktari jikoni, ameweka juu ya meza mrija mwembamba wa chuma, wenye kichwa cha mviringo kama kichwa cha pini, umefungwa kwenye bomba la sindano.

"Nimefikiri usiku kucha," alisema Daktari. "Tutaacha kuwalisha. Kuanzia kesho nitayayeyusha mafuta, na kolesteroli, na nyongo, yote yawe uji mmoja, niwanyweshe kwa huu. Unapita mdomoni, kooni, moja kwa moja tumboni. Kinachoingia nakijua."

"Ulimi je?"

"Ulimi gani?"

"Ulimi wao, Daktari. Chakula kitapita saa ngapi juu ya ulimi?"

"Hakipiti. Ndiyo faida yake."

Mpishi aliutazama mrija ule. Aliwahi kuona chakula kikibakizwa, kikimwagwa, kikipewa nguruwe, na safari moja kikitumiwa kubandika tangazo ukutani. Lakini chakula kusukumwa tumboni mwa mlaji, tena bila hata kuulizwa, huku pua na ulimi vimekaa pembeni kama wageni wasioalikwa, hilo hakuwahi kuliona. Na Mkaguzi, ambaye alikuwa akimsubiri kwa kusimama wima!

"Daktari," alisema, "kosa si la panya. Wala si la unga. Ni langu."

Akaeleza yote. Alieleza nusu kijiko na robo, na sukari ya mkono, na tanuri. Alieleza na jinsi Mkaguzi alivyofukia kipande na kukikalia. Kisha akaitoa chupa nyeusi kwenye rafu, akaiweka mezani. Ilikuwa imejaa karibu yote.

Daktari aliitazama chupa. Akamtazama Mpishi. Akatafuta kalamu mfukoni, ambamo haikuwamo.

"Umewapikia," alisema mwishowe. "Nilikuambia uchanganye. Sikukuambia upike!"

"Walisusa, mwanangu."

"Wasuse! Walipaswa kusumbuka kidogo, wazoee! Kundi zima la panya limetumika bure, Mzee. Bure! Wamechomwa mikia bure. Unajua kila mnyama tunayemtumia hapa tunamtolea maelezo?"

Alizunguka meza mara kadhaa. Mpishi alisimama kama mwanafunzi aliyekutwa nyuma ya choo. Daktari aliposimama, hasira ilikuwa imempungua, au alikuwa ameiweka mahali pa kuitumia baadaye.

"Sikiliza. Nitakupa panya wengine. Hao wako warudi kwenye chakula cha kawaida, wapumzike. Wapya tutawaanzishia nyongo kidogo, tuwapandishie siku hadi siku mpaka kijiko kizima. Kijiko kizima, Mzee! Hakuna sukari ya mkono. Hakuna tanuri la dhahabu. Wakigoma kabisa, mrija. Na wewe, kwa mkono wako, utaiandikia kamati barua kueleza kilichowapata wale wa kwanza. Chakula cha mnyama wa utafiti hakibadilishwi bila wao kujua. Sitakuandikia mimi."

"Wataniacha jikoni, Daktari?"

"Sijui," alisema Daktari. Na kwa vile hakuwa mwongo, hakuongeza neno.

Ndipo Mpishi akaanza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: kupika vibaya kwa makusudi. Kwa bahati mbaya alikuwa amezoea kuifanya bila kukusudia, na makusudi ni kitu kingine. Kila asubuhi mkono wake ulikwenda kwenye sukari, akauita urudi, ukarudi shingo upande. Alipima nyongo mbele ya dirisha ili aone aibu kudanganya. Panya wapya walinusa, wakasugua ndimi, wakampa migongo. Mpishi alisimama akaona yote. Jioni alikusanya mabaki kwenye trei na kuyapima, makombo kwa makombo, kama mtu anayehesabiwa dhambi zake.

"Wamekula?" mkewe aliuliza.

"Wamebakiza."

"Pole, baba."

"Si ndiyo kazi," alisema Mpishi, akageukia ukuta.

Lakini njaa ni mwalimu, na mazoea hupunguza uchungu. Kidogo kidogo panya walimega, wakakunja nyuso, wakamega tena. Hawakusimama wima walipomsikia. Walikula kama watu wanavyolipa kodi. Ikatosha. Mrija ulibaki kwenye droo yake.

Siku ya damu iliporudi, Daktari hakumwita Mpishi. Mpishi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni. Mashine ilisimama, Daktari akainua kichupa cha lebo nyekundu kwenye mwanga, na humo, juu ya damu, maji yalikuwa meupe pepepe, mazito, kama maziwa ya asubuhi. Akainua cha pili, maziwa. Cha tatu, maziwa.

Daktari alipiga ukelele, akamkumbatia Mpishi, akakumbuka kwamba amemkasirikia, akamwachia, akamkumbatia tena.

"Tumefanikiwa, Mzee! Sasa ninayo sakafu chafu ya kujaribia ufagio!"

Mpishi alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya jirani yake. Aliona chumba kimepona, na watu wa mbu walipita ukumbini na nyuso ndefu. Lakini barua ilikuwa bado haijaandikwa, na kamati ingekaa kesho yake.

Bwana Hakuna alimkamata getini.

"Sasa ndiyo wakati," alisema, akimvuta mkono. "Matokeo mazuri yapo. Nani atachimba ya nyuma? Andika mistari miwili: unga wa kwanza ulikuwa mbovu, unga wa pili mzuri. Kwisha. Ukiandika ukweli wako ule, watakutoa jikoni wakutie kufagia maranda. Utabaki unawasikia panya kupitia mlangoni."

"Ni kweli," alisema Mpishi.

"Unga hauna mdomo."

"Ulishaniambia."

Alifika nyumbani, akaomba karatasi, akakaa mezani. Mkewe alikaa upande wa pili akichambua mboga. Mpishi aliandika mistari miwili kama alivyoshauriwa. Unga wa kwanza ulikuwa mbovu. Akaisoma. Ilikuwa barua nzuri, fupi, isiyo na kona. Akaisoma tena, na mara ya pili akaona kilichokuwamo ndani, akaweka kalamu chini kwa nguvu mpaka mboga zikaruka.

"Nini tena?" mkewe aliuliza.

"Nikiandika hivi, maana yake nilichanganya kama karatasi ilivyosema."

"Si ndivyo unavyotaka waamini?"

"Maana yake chakula kile panya walichokimaliza hakikuwa changu! Kilikuwa cha karatasi! Watasema, aha, panya walikula kwa sababu unga ulikuwa hauna nguvu. Unga! Unga ndio utakaosifiwa! Mimi nimepika maisha yangu yote, mke wangu, mara moja tu wamelamba mpaka waya, halafu sifa niupe unga mbovu?"

Mkewe aliacha kuchambua. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu wote wawili wakiwa na meno, na alijua ni wakati gani wa kucheka. Haukuwa huu.

"Wakikutoa jikoni je?"

Mpishi alifikiri. Aliona ufagio wa maranda. Aliona mtu mwingine kwenye meza ya bati, kijana mwenye cheti, anayechanganya bila kuonja.

"Watakuwa wamemtoa mpishi," alisema. "Si mchanganyaji."

Aliichana karatasi, akachukua nyingine, akaandika kwa muda mrefu, ulimi umetoka pembeni. Alipomaliza alimpa mkewe. Mkewe aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, mkono umenyooka.

"Hii," alisema, "ni barua ya kuomba radhi au ya kuomba nishani?"

"Kwa nini?"

"'Kwa ustadi wangu nikakiboresha.' 'Harufu yake iliwavuta hata wataalamu wa mbu.' Baba, hawa ni watu wa kamati."

"Ni kweli iliwavuta."

"Futa."

Alifuta ustadi. Kwa watu wa mbu aligoma, wakazozana mpaka chai ikapoa, akakubali kuwafuta nao. Mkewe akamfundisha mahali pa kuweka radhi: iwe mwanzoni, ikiwa imesimama peke yake, isishikwe mkono na sababu. Wakaandika kwamba chumvi ya nyongo aliiacha yeye mwenyewe, bila ruhusa na bila mtu kumtuma. Kwamba unga haukuwa na kosa, wala waliouuza. Kwamba Daktari hakujua. Kwamba panya wa kwanza wametumika bure na jambo hilo linamuuma. Na kwamba adhabu yoyote ataipokea. Mkewe akasema hapo inatosha, atie sahihi.

"Bado mstari mmoja," alisema Mpishi.

"Upi?"

Akauandika kabla hajakatazwa. *Walikimaliza chote.*

Mkewe aliutazama mstari ule. Kalamu ilikuwa karibu na mkono wake, na alikwisha kuunyoosha. Kisha akaiacha ilipo, akachukua bahasha, akampa.

Mpishi alikunja barua mara tatu, akaitia ndani, akalamba gundi ya bahasha kwa makini, pembe moja hadi nyingine, akaibana kwa kiganja juu ya meza. Asubuhi hakupitia jikoni. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya mbele, kwa katibu wa kamati, mama mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo.

"Ya nani, Mzee?"

"Ya Mpishi."

"Hatuna mpishi hapa," alisema katibu, akipekua daftari la wafanyakazi. "Tuna mtayarishaji wa chakula cha wanyama."

"Soma ndani, mama," alisema Mpishi, akaisukuma bahasha mpaka ikadondoka upande wa pili wa kaunta.